Msikiti Uliohamia Ukumbini

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitikia kama mna njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na mji, na mji ule ulikuwa na msikiti mkongwe wa mawe. Vikaja vita. Jumbe Madi akaingia na askari wake, gubu! gubu! wakaubomoa mpaka chini. Kisha akajenga jumba lake hapo jirani, akatangaza kwamba atakayeujenga tena atakatwa mkono.

Mjini humo alikuwapo Mzee Shekuwe, mpaka chokaa na mchoraji wa kuta. Mtani huyo, hata msibani alichekesha watu. Lakini msikiti ulipobomolewa alilia, wala hakuona haya. Aliupaka chokaa kila Shaabani tangu ujana wake. Aliogopa jambo moja tu: afe, na wajukuu wasijue kama uliwahi kuwapo.

Siku moja Jumbe akamwita.

"Mzee, ukuta wa ukumbi wangu ni mtupu. Nichoree ushindi wangu, wageni wauone."

"Ushindi wako wote, bwana?"

"Wote."

"Nimesikia," akasema mzee, akaondoka akijizuia kucheka.

Akachora. Chwa, chwa, mkaa. Chwa, chwa, chokaa. Akachora msikiti umebomoka: mnara umekatika, mihrabu imetoboka, moshi unatoka madirishani. Akachora na kizingiti cha mlango, akakishusha mpaka sakafuni kwa Jumbe, pale watu wanapoingilia ukumbi.

Jumbe akatazama. "Na mimi niko wapi?"

"Kila jiwe lililoanguka hapo ni wewe, bwana. Au wapo wengine walioubomoa?"

Jumbe akayatazama tena mawe. Angekana vipi?

Asubuhi watu wakaja kumwamkia. Wa kwanza akaona kizingiti, akavua makubadhi. Wa pili akavua. Wa tatu akavua. Wakaingia kimya, wakaelekea ukutani, Jumbe wakampa kisogo.

"Nimewaiteni kwa habari ya vijana wenu," akasema Jumbe. "Nawataka kwa vita vingine."

Mzee Shekuwe akamwinamia kwa adabu. "Bwana, punguza sauti. Maneno ya dunia hayasemwi msikitini."

"Huu ni ukumbi wangu."

"Basi waambie hawa."

Akawaambia. Walikuwa wanalia, hakuna aliyegeuka.

Kesho yake vivyo hivyo. Hata askari wake wakavua viatu, wakaacha na mikuki nje. Jumbe akiagiza chakula ukumbini, mkewe anakataa kukileta. Akipiga chafya, watu wanamtazama kwa jicho baya. Na habari ya vita haikupata pa kusemwa.

"Ufute," akamwambia mzee.

"Nikubomolee mara ya pili, bwana, na watu wote hawa wakiwa ndani?"

Jumbe akatazama. Wa mji na askari wake wamejaa bega kwa bega, na mikuki iko nje.

"Unataka nini, mzee?"

"Mimi sitaki kitu. Msikiti ndio hauna pa kukaa. Ukirudi kwake, utakuondokea humu ndani."

Jumbe akatoa ruhusa. Vijana waliotakiwa vitani wakabeba mawe, wakajenga, adhana ikasikika. Jumbe akangoja ukuta wake ufutwe. Akangoja, akangoja. Mwisho akamwita mzee.

"Mbona picha bado ipo?"

"Msikiti umeshahama, bwana. Hiyo iliyobaki ni kazi ya mikono yako."

Basi nanyi, mkiharibiwa kitu msilie tu. Kichoreni kama kilivyoharibiwa, aliyekiharibu akione kila aamkapo. Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyompendeza aichukue, isiyompendeza aniachie mwenyewe.