Monita ya Mwanakheri na Doti ya Kwanza

Hadithi hii aliisimulia kwanza Bibi Saumu binti Kombo, Tanga, mchana wa Idi ndogo ya mwaka 2018, watu wameshakula na kunawa. Naye mwenyewe alikuwa mmoja wa wadai.

Hapo zamani, tena zamani ya karibu tu, Mwanakheri, mjukuu wa Bibi Saumu, alikuwa akichora kanga kwenye kompyuta nyumbani na kupeleka michoro kiwandani. Akachora kisutu, kanga ya bibi arusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwenye monita yake kuukuu, nyekundu ilikolea vizuri. Nguo ikatoka kiwandani rangi ya papai. Bibi arusi gani atavishwa papai? Mzigo wote ukarudi.

Msimamizi wa kiwanda akapiga simu. "Bi Mwanakheri, chora tena. Ikitoka papai mara ya pili, kazi nampa mwingine."

Kazi ile Mwanakheri aliipenda kuliko zote alizowahi kufanya. Akaahidi mbele ya jamaa zake: "Atakayenipatia monita isiyodanganya, doti ya kwanza ya kisutu hiki ni yake."

Akatoka Hatibu, mdogo wa mumewe, mpenzi wa kucheza mpira wa kwenye kompyuta. Akazunguka madukani siku tatu. Mwanakheri alikuwa ameshaipenda monita moja kubwa, inayong'aa kama sinia la harusini. Hatibu akamzuia.

"Shemeji, hiyo utajitazama uso badala ya kazi. Halafu mpira ukipigwa, unaacha mkia kama kishada."

Akampeleka duka la nyuma ya soko, penye monita tatu zisizometameta, picha zake zinakwenda laini, unazipandisha na kuzishusha shingo isiume. "Chagua hapa. Na mimi Jumamosi nije nicheze kidogo."

Zote tatu Mwanakheri aliziona nzuri. Hapo Bibi Saumu akafungua mkoba, akatoa ile nguo ya papai. Akaamuru mchoro ule ule wa kwanza ufunguliwe kwenye kila monita, akaweka nguo pembeni. Ya kwanza ilionyesha nyekundu. "Huyu mwongo." Ya pili ikaonyesha nyekundu. "Na huyu mwongo." Ya tatu ikaonyesha papai tupu.

"Huyu ndiye msema kweli. Mfungieni mjukuu wangu."

"Bibi, umechagua yenye rangi mbaya!" Hatibu akacheka.

"Mume wangu," Bibi akamtania, "ubaya ni wa mchoro. Yeye kausema tu."

Jumamosi Hatibu akaja, akacheza, akafunga mabao, akaaga. Jumatatu Mwanakheri akachora kisutu upya, nyekundu ikamridhisha. Kidole kilikuwa tayari kutuma mchoro alipoingia Mgeni, dada yake, fundi cherehani.

"Ngoja kwanza," Mgeni akasema. "Mimi sikati kitambaa kabla sijapima mara ya pili."

Akaitandika nguo ya papai aliyoiacha Bibi kando ya monita, akafungua mchoro wa zamani. Nyekundu! Monita imeanza uongo. Mgeni akabonyeza vitufe vya chini kimoja kimoja, akakuta Hatibu ameiacha kwenye mpangilio wa mchezo, unaokoleza rangi. Akairudisha kwenye mpangilio wa kazi. Mchoro mpya nao ukageuka papai mbele yao.

Mwanakheri akachora upya, akatuma. Kisutu kikatoka chekundu barabara, kazi ikabaki kwake, na kiwanda kikamletea doti ya kwanza.

Hatibu akasema, "Bila mimi lingenunuliwa lile sinia. Mke wangu naye anavaa kanga."

Bibi Saumu akasema, "Ulileta tatu, mbili waongo. Mkweli nilimjua mimi."

Mgeni akasema, "Mkweli wenu alishaharibiwa. Nimemrudisha mimi."

"Kwa kipimo cha nani?" Bibi akauliza. Wakacheka wote, hakuna aliyeondoa dai lake.

Doti ni vipande viwili, wadai watatu, na ahadi ilikuwa ya mtu mmoja. Mwanakheri akaiweka sandukuni bila kuikata.

Bibi Saumu alifariki mwaka 2022. Mwanakheri yu hai, Mgeni yu hai, Hatibu yu hai na bado anacheza Jumamosi, na haondoki mpaka Mwanakheri akague vitufe. Doti ingali sandukuni. Nanyi mliosikia, amueni: je, nani alistahili?