Gurudumu Lililomwimbia Bi Mwanasha

Hapo zamani, watu walipoamini kwamba chombo kizuri ni kile tu kisichovunjika, paliishi mshonaji kofia aliyeitwa Bi Mwanasha. Nani asiyemjua? Kofia aliyoishona yeye, mtu aliivaa siku ya harusi yake, na mwanawe akaja kuivaa siku ya harusi yake naye.

Siku moja kiharusi kikampiga. Alipona, ila mkono wa kulia ukabaki umelegea kama kitambaa kilicholowa. Tabibu akauminyaminya, akasema, "Mkono huu haujafa, umelala. Uzungushwe kila siku, uzunguke na kuzunguka. Ukiachwa, hautaamka tena."

Bi Mwanasha akajaribu kuuzungusha hewani. Ukauma, akauacha. Majirani wakaja kumpa pole kwa sauti za chini, kama watu waliofika matangani.

Kaka yake, Bwana Shee, hakuweza kustahimili. Akatangaza sokoni: "Fundi atakayeuamsha mkono wa dada yangu, nitampa karakana ya marehemu baba yetu. Lakini ni mmoja tu. Karakana yenye mabwana wengi haina bwana."

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Fumo, mhunzi. Wakati ule hakuna aliyeamini kwamba mkono ungeamka. Fumo akafua gurudumu la chuma, akalisimamisha juu ya miguu imara, akatia mpini. "Shika hapa, Bibi, uzungushe." Bi Mwanasha akazungusha, akazungusha, na kidole gumba kikacheza! Watu wakashangilia. Lakini mpini ulikuwa wa baridi na mzito, ukamchubua kiganja. Haukupita muda, akalifunika gurudumu kwa khanga.

Akaja Makame, seremala. Huyu alijifunga mkono wake mwenyewe kwa kamba mpaka ukaishiwa nguvu, ndipo akazungusha, ajue ni wapi panapoumiza. Kisha akachonga mpini mpya wa mti mwepesi, ukakaa kiganjani kama yai. Bi Mwanasha akazungusha, akazungusha, asiumie hata kidogo. Vidole vikaanza kukunjuka. Lakini haukupita muda, khanga ikarudi juu ya gurudumu.

"Linauma, dada?" akauliza Bwana Shee.

"Haliumi."

"Ni zito?"

"Si zito. Ila kila nikilitazama, linaniambia: wewe mgonjwa."

Akaja Mize, fundi wa ala za muziki. Huyu hakuuliza habari za mkono. Akaketi mkekani, akasema, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kabla ya maradhi haya, ni kitu gani kilichokuwa kikikusahaulisha chungu jikoni?"

Bi Mwanasha akacheka. Watu wa nyumbani walikuwa hawajamsikia akicheka tangu augue. "Wimbo wa kumpokea bwana harusi! Nikiusikia, wali wote huungua."

Mize akatandaza nyaya za shaba kando ya gurudumu, akalitia gurudumu vijino vya kuzidonoa. Ukizungusha polepole, wimbo unavuta kama mtu mwenye usingizi. Ukikaza mwendo, wimbo unachangamka. Juu yake akaweka ndege wa mbao, wanaoinua mbawa wimbo ukifika kwenye kiitikio.

Bi Mwanasha akazungusha. Ndege wakainua mbawa. "Wallahi!" akasema, akazungusha tena. Akazungusha, akazungusha, mpaka wali ukaungua kweli. Majirani waliokuja na pole wakajikuta wanaitikia na kupiga vigelegele. Tangu hapo hakuhimizwa na mtu. Asubuhi moja akaokota sindano, akatunga uzi kwa mkono wake wa kulia. Akalia, akacheka, akaanza kushona.

Bwana Shee akawaita mafundi karakanani, dada yake naye akiwapo.

Fumo akasema, "Bila gurudumu langu, Mize angezifunga nyaya zake kwenye upepo?"

Makame akasema, "Ngoma hata iwe tamu vipi, mwenye mwiba mguuni haichezi. Mwiba niliutoa mimi."

Mize akasema, "Chuma chako ni chema, Fumo. Mpini wako, Makame, sijaona mfano wake. Lakini vyote vililala chini ya khanga. Dawa iliyobaki chupani imemponya nani?"

"Na nyaya zako zilipokuwa zikikatika," akadakia Fumo, "nani aliyekuwa akizifua upya?"

"Wewe," akakiri Mize.

Bwana Shee akamgeukia dada yake. "Sema wewe, dada."

"Usinitwike mzigo huo, kaka. Nikiusikia wimbo, natamani apewe Mize. Nikikumbuka Makame alivyojifunga kamba kwa ajili yangu, machozi yananitoka. Na Fumo alibisha hodi nilipokuwa nimekwisha kata tamaa."

Bwana Shee akautoa ufunguo wa karakana, akawatazama mafundi mmoja mmoja.

Basi nawageukieni nyinyi mliokaa hapa. Yuko aliyekifanya chombo kiwe na nguvu ya kuponya, yuko aliyekiondolea maumivu, na yuko aliyekifanya kipendwe. Je, karakana ile, nani aliistahili?