Kenge Alivyokufa Kidogo

Nikisema maji, semeni yanapita. Maji!

Yanapita.

Yanapita na nini?

Na vya wenyewe.

Haya, sogeeni. Hapo kale palikuwa na mto katikati ya mji, nyuma ya magereji na vibanda vya mama lishe. Msizibe pua, ni kwao watu. Humo aliishi Bi Chura na wanawe Masika, Tope, Povu na Tone. Humo pia aliishi Kenge, na tumbo lake halikujua kutosheka.

Akaja Kenge, gudu, akammeza Masika. Akaja Kenge, gudu, akammeza Tope. Akaja Kenge, gudu, akammeza Povu. Bi Chura akaenda kwa Kunguru, mkubwa wa mtaa.

"Nitandikieni jamvi, nimefiwa."

"Pole, mama. Maiti iko wapi?"

"Sina."

"Bila maiti hatuweki matanga. Ndiyo desturi yetu."

Bi Chura akarudi na kilio chake kifuani. Inaniuma mimi msimulizi, sembuse yeye mzazi.

Kesho yake Kenge akaja tena. "Nasikia umebakiwa na mmoja."

"Ndiyo, mzee. Lakini huyu mmoja atakushibisha? Ungekufa wewe, mtaa mzima ungepika."

"Nikifa nitakulaje?"

"Ufe kidogo tu. Lala, fumba macho. Masinia yakishatengwa, nitakuita. Ukiinuka watatimua mbio, chakula chote chako."

Sasa, Kenge hakuwahi kukanyaga msibani. Nani angemtaka, mla majirani? Hakujua kwamba watu wa mtoni huzika kwanza, ndipo hula. Akajinyoosha, tuli.

Bi Chura akapiga yowe. Jamvi likatandikwa. Bata akaleta mchele, Panya Buku akaleta dagaa, masufuria yakachemka, tokota tokota. Wengine wakamviringishia Kenge sanda ya gunia, wakambeba.

"Bi Chura," akanong'ona guniani, "tayari?"

"Bado, mzee. Wali haujakauka."

Wakamshusha shimoni. Udongo, pu, pu.

"Bi Chura, tayari?"

"Bado, mzee. Mchuzi haujakolea."

Udongo, pu, pu, pu. Kenge hakuuliza tena.

Hapo Bi Chura akalia, akalia kweli. "Masika wangu. Tope wangu. Povu wangu."

Kunguru akamsogelea. "Mama, tumemzika Kenge. Mbona unawaita wengine?"

"Wangu wamo tumboni mwake," akasema. "Si mlitaka maiti? Nimewaletea."

Kunguru akaketi jamvini. Masinia yakaja, yeye hakugusa tonge.

Hadithi yangu nimeitua hapa, mwenye bega aichukue. Na funzo, kwa kuwa mnapenda mafunzo: msiseme uongo, wanangu, njia ya mwongo ni fupi. Ya Bi Chura ilikuwa fupi kweli, kutoka nyumbani hadi kaburini, na kila jioni yeye na Tone huifuata kwenda kuwasalimia wale watatu.