Kwa Nini Jina Zisis ni Adimu

Husemwa jina jema hung'ara gizani. Lipo jina moja lililozaliwa gizani humohumo.

Hapo kale, katika milima ya Wagiriki, mtoto wa kwanza wa kiume hakutafutiwa jina. Lilimngoja hata kabla hajazaliwa: jina la babu mzaa baba, na ole wake aliyelikataa.

Hrisula aliolewa na mwana wa mzee Lambros, mchunga kondoo mwenye kiburi cha jogoo. Akazaa Lambros wa kwanza, akamzika. Akazaa wa pili na wa tatu, nao akawazika kabla hawajaota meno. Kila msiba mzee alisema lilelile: "Anayefuata ataitwa Lambros. Sikubali jina langu life." Hrisula alimchukia, na kumchukia mkwe mnayekula naye chungu kimoja ni mzigo mzito.

Wa nne naye akaanza kupumua kwa shida. Ilibaki dawa moja ya wazee: mtoto alazwe njia panda alfajiri, na mpita njia wa kwanza ampe jina lolote apendalo. Kabla ya hapo mama haruhusiwi kumgusa. Hrisula akamlaza, akajibanza nyuma ya ukuta wa mawe.

Theluji ikaanza kuanguka, na hakupita mtu. Mtoto alilia, kisha kilio kikafifia. Hrisula aliuma kitambaa chake cha kichwa asipige yowe. Mwishowe akatokea mtu na fimbo. Alikuwa mzee Lambros, akimtafuta kondoo aliyepotea.

"Baba," Hrisula akalia, "nakusihi, usimpe jina lako!"

Mzee aliinama juu ya mjukuu wake. Kisha akavua joho lake la manyoya, akamfunika, akasema, "Zisis." Kwa lugha yao ni kusema, utaishi. "Mchukue, binti yangu. Ana baridi."

Mtoto akaishi. Mzee baridi ilimwingia kifuani, na siku ya tano wakamzika kando ya wajukuu zake watatu. Hrisula alimlilia kuliko wote. Katika nyumba ile hakubaki Lambros hata mmoja.

Na tangu siku hiyo, milimani kule Zisis si jina la kuchagua kwa kupendeza. Hupewa tu mtoto anayezaliwa baada ya makaburi. Ndiyo maana ni adimu, na ndiyo maana wanakijiji wakimwona mvulana wa jina hilo, humpa mama yake pole kwanza, kisha ndipo humsalimu mtoto.