Kata ya Ukweni

Hapo zamani, wajukuu wangu, mwanamume alikuwa hapewi mke mpaka alime shamba la ukweni. Basi Mkude akaenda kulima kwa kina Chausiku, mchumba wake. Jua kali, jasho linamchuruzika. Mama mkwe akamletea maji kwenye kata ya kifuu.

Sasa sikilizeni. Kwao Mkude, kubakiza maji ya mkwe ni tusi. Kwao Chausiku, kata ikirudi tupu, bado una kiu. Mkude akamaliza, mama akajaza. "Ahsante mama." "Kunywa, baba." Akamaliza, akajaza. Akamaliza, akajaza! Tumbo likawa ngoma. Chumvi yote imetoka na jasho, chakula hajatia mdomoni, ndani maji matupu.

Kichwa kikamgonga. Akatapika, akaomba radhi, akanywa tena. Vidole vikavimba. Mara akapiga magoti mbele ya mbuzi: "Shikamoo, mama mkwe. Ndevu zimekupendeza."

"Mee," akajibu mbuzi.

Mama mkwe akashtuka. "Jua hilo! Mwongezeeni maji!"

"Jua gani?" akafoka Zena, shangazi yake Chausiku. "Kalewa maji huyu! Mnaua mtoto wa watu!"

"Mgeni nimnyime maji, mimi?" Mama huyoo, kata mkononi.

Chausiku alikuwa mwali ndani, haruhusiwi hata kuchungulia. Akachomoka, akaupiga mtungi wa maji teke. Pwaa! Hapo Mkude naye chini, mwili unamtetemeka wote, macho juu. Bibi Mwanaheri, bibi yake Chausiku, akamlaza ubavu, akangoja. Alipozinduka, akamnywesha mchuzi mzito wa samaki wa chumvi, kidogo kidogo. Loo, alikojoa Mkude! Alikojoa mpaka bata wakaja kuoga. Jioni akamwamkia mama mkwe mwenyewe, mbuzi akampita kama hamjui.

Jogoo akachinjwa. Firigisi moja tu, apewe aliyemwokoa mkwe.

Zena akasema, "Nisingetambua ni maji, mngekuwa mnamjaza mpaka sasa."

"Kutambua kwako kulimwaga mtungi?" akasema Chausiku. "Ni mguu wangu huu, na aibu yangu yote!"

Bibi akacheka. "Mtungi umemwagika, mtu yuko chini. Ungeolewa na nani, mjukuu wangu, na mbuzi?"

Mama mkwe naye, hana haya: "Nisingemnywesha, mngemwokoa nani?"

Mkude akakohoa. "Jamani, kwetu firigisi ni ya mkwe mwanamume."

Haya, firigisi inapoa, na paka keshakaa mkao wa kula. Semeni upesi: je, nani alistahili?