Kuni za Alhamisi

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa vilimani aliishi mja mwema aitwaye Maalim Shekue, aliyefundisha watoto Kurani na adabu. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la amana ya ardhi. Aliwaambia kwamba miti humsabihi Muumba wake, na kwamba israfu haifai hata kwa anayetawadha ukingoni mwa mto. Yeye mwenyewe alitawadha kwa kibuyu kidogo, na mwanafunzi akimwaga maji ovyo humwambia, "Umeyaonea maji, mwanangu."

Ilikuwa ada ya chuo kile kila mwanafunzi kumletea mwalimu mzigo wa kuni siku ya Alhamisi. Watoto walimpenda Maalim, nao walijua macho yake hayavumilii moshi. Basi wakamtafutia mti mgumu wa kiini chekundu, wenye moto safi, ambao uliota mahali pamoja tu: kwenye kichaka kilichoikinga chemchemi ya mji. Maalim alizipokea kuni, akazisifu, akawaombea dua. Zimetoka wapi, hakuuliza hata Alhamisi moja.

Miaka ikapita hivyo. Ukaja mwaka wa kiangazi kikali, chemchemi ikakauka, na wanawake wakawa wanakwangua tope kwa kata. Wengine walifunga virago wakahama, wazee kwa wachanga. Ndipo watu wakamwendea Maalim awasalishe sala ya kuomba mvua.

Kabla ya sala alikwenda kuitazama chemchemi. Alikuta kilima kitupu na visiki vyenye kiini chekundu. Akavitambua, kwani kuni za namna ile zilikuwa zikiwaka jikoni kwake asubuhi ile ile. Akamwita Abudi, mkubwa wa wanafunzi.

"Nani amekata miti hii?"

"Ni sisi, Maalim. Ndizo kuni zako."

"Na somo letu, hamkulikumbuka?"

Abudi akainama. "Tulilikumbuka, Maalim. Tulidhani halilihusu jiko la mwalimu."

Maalim akaketi juu ya kisiki akalia, wala hakuona haya kulia mbele ya mwanafunzi wake.

Walipofika uwanja wa sala, habari za visiki zilikwisha kumfikia Mwinyi Hatibu, mkuu wa mji. Akasema, "Tuwatie bakora watoto hawa, Maalim, kisha utusalishe. Heshima yako haijaguswa."

Ilikuwa njia nyepesi, na mimi sijui wangapi kati yetu wasingeifuata. Maalim akasimama mbele ya watu.

"Waacheni watoto, Mwinyi. Shoka lilikuwa lao, lakini moto ulikuwa wangu. Chemchemi yenu imeishia jikoni kwangu. Nisameheni kwanza, ndipo tumwombe Mola."

Wakamsamehe, wengine kwa shingo upande. Mvua ikanyesha, alhamdulillahi, lakini ilikiteremka kilima kile kitupu ikenda zake bondeni, na chemchemi haikurudi. Tangu hapo wanafunzi walileta mche kila Alhamisi badala ya mzigo wa kuni, wakaimwagilia miche kwa maji ya udhu waliyoyakinga. Bi. Somoe, mkewe Maalim, akawa anapikia vijiti vya kuokota, vyenye moshi tele. Maalim alikula macho yakimtiririka, asinung'unike.

Alipofariki, miche ilikuwa imefika magotini. Maji ya kumwoshea yaliombwa mji wa jirani, wanafunzi wake wakayabeba kichwani mwendo wa nusu siku. Wakamwosha kama alivyowafunza, bila kuyaonea maji.

Ndugu zangu, nasi tunawasomesha watoto habari za miti na maji, na tunafurahi wakijibu vizuri. Nasikitika kusema kwamba wanatusikiliza darasani, kisha wanatutazama nyumbani. Kabla hatujawauliza wamehifadhi nini, na tuulize kuni za jikoni mwetu zimetoka wapi. Mwenyezi Mungu amrehemu Maalim aliyeuliza akiwa amechelewa, na atusamehe sisi ambao bado hatujauliza.