Mvuta Msumeno wa Chini

Nyamazeni nisimulie, na mwoga akalale.

Palikuwa na msitu uliofungwa. Wazee waliufunga kwa sababu chemchemi ya kijiji ilitoka humo. Lakini ndugu wawili wapasua mbao, Shekiondo na mdogo wake Mbelwa, wakaingia, wakaangusha mkulo mkubwa kuliko miti yote. Wakachimba shimo, wakalilaza gogo juu yake. Shekiondo akapanda juu ya gogo, Mbelwa akashuka shimoni kuvuta msumeno kutoka chini. Kazi hiyo, wa juu hamwoni wa chini, huitana tu.

"Mdogo wangu, vuta!"

"Navuta, kaka."

Ubao wa kwanza ukatoka, unga wa msumeno mweupe.

"Vuta!"

"Navuta, kaka. Lakini mizizi inanishika miguu. Tuache!"

"Tumalize kwanza!"

Ubao wa pili ukatoka, unga umelowa.

"Vuta!"

"Navuta, kaka."

Safari hii sauti ilitoka ndani ya gogo. Shekiondo aliisikia, nawaambia, aliisikia vizuri! Akaendelea kukata, maana mbao zilikuwa nzuri. Ubao wa tatu ukatoka, unga mwekundu.

Akachungulia shimoni. Hakuna mtu. Mizizi tu, imeshika mpini wa msumeno.

Chemchemi ikakauka, kijiji kikahama. Shekiondo akabaki na nyumba yake mpya, yenye mlango wa mbao zile. Yumo hadi leo, kiu imemkausha koo. Kila akiuvuta mlango atoke kutafuta maji, kwa nje nako unavutwa, na sauti inamjibu:

"Navuta, kaka."